Penye Miti Hapana Wajenzi: Mbayuwayu wa Njombe na Historia ya Majani

Wahenga waliposema kwamba penye miti hapana wajenzi, walikuwa wakiwasema watu. Walikusudia kwamba neema huweza kumwagika mahali ambapo hakuna wa kuitumia, na mwenye ujuzi wa kuitumia akawa yuko mbali nayo. Hivyo ndivyo kila aliyeisikia methali hii alivyoielewa. Lakini katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuanzia Makambako hadi Njombe na kupanda hadi Kitulo, methali hiyo hiyo imepata maana ya pili ambayo wahenga hawakuikusudia. Huko yuko mjenzi mmoja mdogo, mwashi wa udongo na nyuzi za majani, ambaye kila miti ilipozidi yeye alipungua. Leo, katika vilima vingi ambako miti imesimama safu kwa safu, mjenzi huyo hayuko tena.

Mjenzi mwenyewe ni mbayuwayu. Jina hilo si geni kwa msomaji wa pwani. Mbayuwayu wa Ulaya huja mwambao na upepo wa kaskazi, hukaa miezi ya joto, kisha huondoka kusi ikikaribia, kama yalivyofanya majahazi ya Ghuba kwa karne nyingi. Mabaharia walijua kuhesabu safari kwa pepo hizo mbili, na ndege huyo alizijua kabla yao. Yule wa Njombe, ambaye wataalamu humwita mbayuwayu buluu, naye hufuata hesabu hiyo hiyo ijapokuwa hajapata kuiona bahari. Hufika katika nyanda za juu baina ya Septemba na Oktoba, mvua zinapokaribia. Huzaa na kulea wakati wa mvua, miezi ambayo pwani yavuma kaskazi. Na inapofika Aprili huelekea kaskazini, kwenye mbuga za nyasi zilizo karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, magharibi ya Kenya na kaskazini mashariki ya Kongo. Ni msafiri wa Afrika kwa Afrika. Hana nyumba Ulaya wala Uarabuni; nyumba zake zote mbili ni majani.

Jina lake la kitaalamu, Hirundo atrocaerulea, alipewa mwaka 1850 na Carl Sundevall, mtaalamu wa Uswidi, kutokana na ndege waliokusanywa kusini mwa Afrika. Jina hilo lasema rangi tu: buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Na kweli, akiwa mbali huonekana mweusi kama makaa. Akigeuka juani hung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani, nyembamba kama uzi wa kushonea kofia, na ubavuni ana manyoya meupe ambayo mara nyingi hufichika. Wataalamu humweka katika kundi kubwa la ndege waimbaji, ijapokuwa wimbo wake ni mdogo na laini, wala hauendi mbali. Anayetaka kumjua hana budi kumtazama zaidi ya kumsikiliza.

Ujenzi wake una ajabu yake. Mbayuwayu wengine wamezoea kuta na mapaa ya wanadamu, hata msomaji wa mjini huweza kudhani kwamba ndege hawa waliumbwa pamoja na nyumba. Huyu wa Njombe hujenga chini ya ardhi. Hutafuta shimo lililotitia lenyewe katika udongo, au pango aliloacha muhanga, kisha huingia ndani na kubandika ukutani kikombe cha tope kilichochanganywa na nyuzi za majani. Ndani yake hutandika vijiti vya mizizi, manyoya na singa za wanyama, na jike hutaga mayai matatu hivi. Makinda hulelewa gizani, chini ya nyayo za ng'ombe, na siku wanapotoka hutokea ardhini kama maji ya chemchemi.

Kwa hiyo maisha ya ndege huyu yanategemea mnyama ambaye huenda hawajapata kuonana. Muhanga ni mnyama wa usiku. Huchimba ili apate mchwa na sisimizi, na akishakula huliacha shimo na kwenda kuchimba jingine. Mchwa nao wanaishi kwa majani makavu. Pakiwa na majani, pana mchwa. Pakiwa na mchwa, muhanga hupita. Akipita muhanga, shimo hubaki. Na likibaki shimo, mbayuwayu ana chumba. Kiungo kimoja cha mnyororo huu kikikatika, ndege hukosa makao, hata kama mbingu iliyo juu yake haijabadilika.

Kisha kuna chakula. Mbayuwayu buluu hula wadudu wadogo wenye miili laini, khasa nzi wa aina mbalimbali na jamaa zao, na huwakamata hewani, akiruka chini sana juu ya majani. Haendi juu kama teleka, wala hashuki ardhini kutembea kama shomoro. Hupita na kurudi, hupanda kidogo na kushuka, akifuata mikunjo ya kilima kwa ukaribu wa mkono wa mtu. Mahali apendapo zaidi ni pale majani ya mlimani yanapokutana na bonde lenye unyevu, kwa kuwa wadudu huzaliwa majimaji na kupeperushwa na upepo hadi kwenye mteremko. Hata ukungu ukifunika vilima, naye hufanya kazi, mradi wadudu wawe wanaruka. Haba na haba hujaza kibaba: makinda matatu hukuzwa kwa nzi ambao mtu hawezi kuwaona akiwa hatua chache tu kutoka walipo.

Si yeye peke yake aliyeandaliwa meza katika majani hayo. Chini yake, ndani ya mabua marefu na magugu, yuko ndege mdogo wa rangi ya kahawia ambaye jina lake la kitaalamu limebeba jina la mji wenyewe: Cisticola njombe. Huyu hula wadudu pia, lakini huwaokota mmoja mmoja katika mashina na majani, na husikika kabla ya kuonekana, kwa sauti ya kukereza kama ya mtu anayezungusha kekee. Pembeni, pale majani yanapoanza kuwa kichaka na kichaka kuwa msitu, yuko chiriku wa Kipengere, mwenye domo nene la kupasulia mbegu, ndege asiyepatikana popote duniani ila katika milima ya Tanzania. Washairi wa pwani walimfanya chiriku kuwa mfano wa msemaji asiyenyamaza. Huyu wa Kipengere ni mpole kuliko sifa ya ukoo wake. Hivyo kilima kimoja kina meza tatu: ya mbegu ukingoni, ya mashina katikati, na ya hewani juu. Kila mlaji ana mahali pake, na hapana anayemdhulumu mwenzake.

Aliyekipita kilima hicho bila kusimama aliona majani matupu. Neno hilo, matupu, ndilo linalofaa kuchunguzwa, kwa kuwa historia ya nyanda za Njombe kwa sehemu kubwa ni historia ya neno hilo.

Miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuandika habari za nyanda hizi alikuwa mtu aliyetokea Zanzibar. Kapteni James Frederic Elton alipata kuwa makamu wa balozi wa Uingereza kisiwani katika miaka ya mapigano ya kuzuia biashara ya watumwa, kisha akawa balozi Msumbiji. Mwaka 1877 alisafiri kutoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa akapanda milima, akapita katika uwanda mpana wa majani uliopo juu ya mawingu, kisha akashuka kuelekea Ugogo, na huko Ugogo akafariki Desemba ya mwaka huo. Habari za safari yake zilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1879, na uwanda ule ukaingia katika ramani za Wazungu kwa jina lake. Wenyeji waliokuwa wakilisha na kupita humo walikuwa na majina yao, na hatimaye jina la Kitulo ndilo lililoshinda.

Miaka hiyo nyanda za juu hazikuwa na utulivu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wahehe, Wasangu, Wangoni na Wabena walipigana vita vingi, na watu wakahama, wakajificha, wakarudi, wakahama tena. Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Ubena, na mwezi Septemba kituo cha wamisionari cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Jibu la serikali ya Kijerumani katika nchi nzima ya kusini lilikuwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Kwa hiyo afisa wa baadaye aliyesimama juu ya kilima na kuona nchi pana isiyo na moshi wa majiko, alikuwa akitazama mambo mawili kwa pamoja. Majani yalikuwa ya kale kuliko serikali yoyote. Baridi, moto wa kiangazi na malisho ndivyo vilivyoyatunza. Lakini upungufu wa watu ulikuwa wa juzi, na ulikuwa na sababu. Yeye aliyaunganisha yote mawili na kuyaita ardhi tupu.

Ni jambo la kutafakari kwamba katika miaka hiyo hiyo wako waliojua kuwa ardhi hiyo haikuwa tupu. Daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alikusanya ndege katika milima ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, na huko Berlin Anton Reichenow akawapa majina. Chiriku wa Kipengere alipata lake mwaka 1900. Kizazi kimoja baadaye alikuja Hubert Lynes, amiri wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa amestaafu. Huyu aliongoza manowari katika Vita Kuu ya Kwanza, na aliposhuka melini akautoa umri wake uliobaki kwa jamii moja ya ndege wadogo wa majani ambao watu wengi hawawezi kuwatofautisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifanya kazi Ubena na Uhehe. Mwaka 1933 alimpa ndege wa Njombe jina la Njombe, na mwaka 1934 akachapisha maelezo marefu ya ndege wa nyanda za Ubena na Uhehe. Kitabu kilichoonyesha utajiri wa majani hayo kilikuwa tayari kimeandikwa. Waliopanga matumizi ya ardhi hawakukihitaji.

Mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria moja iliyozaa mashirika mawili. La kwanza lilichukua mpango wa karanga wa Tanganyika, ule wa Kongwa na Nachingwea, ambao ulikufa baada ya miaka michache na kuacha matrekta yakishika kutu; habari zake zimesimuliwa mara nyingi. La pili, Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lilielekea Njombe, na hilo husimuliwa mara chache kwa sababu lilifanikiwa. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika, na maelfu ya ekari za majani kandokando ya njia iendayo Makambako yakapandwa mti wa Australia ambao magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Mti ule uliipenda baridi ya Njombe. Ulikua upesi, ukakatwa, ukaota tena, mbegu zake zikatambaa mabondeni bila kupandwa na mtu. Kiwanda kikajengwa, kazi zikapatikana, na mji ukakua.

Itakuwa dhulma kuisimulia habari hii kana kwamba hasara peke yake ndiyo iliyopatikana. Kabla ya miwati, kijana wa Kibena aliyetaka fedha za kodi au za mahari alishuka pwani, akajiandikisha manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga au Morogoro, na wengine hawakurudi. Safari yake na ya mbayuwayu zilifanana kwa umbali, lakini hazikufanana kwa hiari. Kazi iliyopatikana karibu na nyumbani ilikuwa kitu cha thamani. Baadaye mwanakijiji mwenyewe alijifunza kupanda miwati, misindano na mikaratusi katika kiploti chake, akauza kuni, mbao na nguzo, akasomesha watoto. Hapana mwenye haki ya kumwambia kwamba alikosea.

Njia nazo ziliongeza kasi. Reli ya TAZARA ilijengwa baina ya 1970 na 1975, na Makambako ikawa na stesheni. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo hapo, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami ilitandazwa kutoka Makambako hadi Songea kwa kupitia Njombe. Makambako, mji wa upepo, ukawa njia panda ya kusini nzima. Kila kilichoota Njombe kikapata mlango wa kutokea. Mbao, nguzo za umeme, viazi mviringo, chai, na katika miaka ya karibuni parachichi, vyote hushuka kilomita 60 hivi hadi njia panda na kutawanyika. Anayepanda kutoka Makambako kwenda Njombe huhisi hewa ikipoa na mvua ikizidi. Na kadiri mvua inavyozidi ndivyo miti iliyopandwa inavyosogea barabarani, mpaka mahali pengine macho hayapati tena upeo.

Kwa mbayuwayu, msitu wa kupandwa ni ukuta. Hawezi kuruka chini juu ya majani ambayo hayapo. Kivuli cha miwati na misindano huua nyasi, mchwa wa nyasi hupungua, muhanga huhama, mashimo huzibika. Kwenye bonde nako mabadiliko yamekuja kwa mkono mwingine. Wakulima wa Njombe na Iringa wana ustadi wa kale wa kulima vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazotumia unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi. Vinyungu vichache kandokando ya kijito havikumdhuru ndege. Lakini ardhi ya mlimani ikishapandwa miti, jembe lote huelekea bondeni, majimaji hukaushwa kwa mifereji, na pale wadudu walipokuwa wakizaliwa pakawa pakavu. Hivyo nyumba yake imeondolewa juu na chakula chake kimeondolewa chini.

Kisa hiki kimekwisha kusomwa hadi ukurasa wa mwisho mahali pengine. Afrika ya Kusini, ambako mbayuwayu buluu alitambuliwa kwanza, ilipanda misindano, mikaratusi na miwati katika nyasi zake za milimani tangu mapema karne ya 20, na mashamba ya miwa yakachukua sehemu nyingine. Jozi zinazozaa huko zimebaki chini ya mia moja. Katika nchi zote anamoishi, ndege hawa hawazidi maelfu machache, na orodha ya kimataifa ya viumbe huwahesabu miongoni mwa walio hatarini. Nyanda za juu za Tanzania na uwanda wa Nyika wa Malawi ni miongoni mwa ngome zake za mwisho. Atakayofanyiwa Njombe yana uzito katika hesabu ya jamii yake nzima.

Yako pia yaliyofanyika kwa wema. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, wa kilomita za mraba zipatazo 413, na kwa mara ya kwanza katika Afrika ya tropiki hifadhi ya namna hiyo iliwekwa khasa kwa ajili ya maua. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu. Tishio kubwa huko lilikuwa biashara ya mizizi ya maua ya mwituni, iliyochimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Na kwa kuyalinda maua, majani yakalindwa, na pamoja na majani, mbayuwayu. Hapana aliyehitaji kupanda chochote. Ilitosha kuacha. Lakini Kitulo ni paa la nyumba tu. Vilima vya chini yake, vya kuelekea Njombe mjini na Makambako, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, ni ardhi ya vijiji, ya makampuni na ya watu binafsi, na majani yaliyobaki humo hayana mtetezi, kwa sababu hayana jina katika daftari lolote ila lile la zamani: tupu.

Msomaji wa visiwani aweza kuuliza yamhusu nini. Jibu limo majini. Mto Ruhuji, unaoporomoka pembeni mwa mji wa Njombe, hushuka ukaingia Kilombero. Kilombero huingia Rufiji. Na Rufiji hutapika bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Vijito vya Kipengere navyo huulisha Ruaha Mkuu, ambao mwisho wake ni Rufiji hiyo hiyo. Majani ya mlimani ni kama sifongo: huinywa mvua ya miezi sita na kuiachia taratibu katika miezi isiyo na mvua. Mti wa kigeni wenye kiu huinywa na kubaki nayo. Afrika ya Kusini ililitambua jambo hilo hata ikaliandika katika sheria yake ya maji ya mwaka 1998, kwamba kupanda misitu ya biashara ni tendo lipunguzalo maji ya mto na lahitaji kibali. Mikoko ya Rufiji, iliyotoa boriti za nyumba za mawe za mwambao na za Ghuba, ilikua kwa maji yaliyoanza safari katika vilima hivyo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakaa juu ya mto huo huo, na taa ziwakazo Dar es Salaam zina deni kwa majani ya Njombe.

Lugha nayo ina sehemu yake katika kosa hili. Kiswahili cha pwani kilizaliwa baina ya bahari na minazi, na nchi ya ndani isiyo na miti kikaiita nyika, neno lenye harufu ya ukame na upweke. Mti katika ushairi wake ni kivuli, ni tunda, ni ukoo, ni mtu mwema. Majani ni kitu cha kukanyagwa. Wakoloni walikuja na dharau yao wenyewe ya nchi wazi, na dharau hizo mbili zikakutana bila kujuana. Baada ya uhuru, kampeni za kupanda miti zilihubiriwa nchi nzima, na pale msitu ulipokuwa umekatwa zilikuwa dawa. Katika nchi ambayo haikuwa msitu, dawa ile ile ikageuka ugonjwa. Msemo uliopata umaarufu Tanzania wahimiza kwamba akili za mbayuwayu uzichanganye na zako. Kwa habari ya Njombe, labda haukukosea: kuhusu majani, ndege huyo anajua jambo ambalo wapangaji walichelewa kulijua.

Kinachotakiwa si kikubwa kama inavyodhaniwa. Mbayuwayu haombi miwati yote ing'olewe. Anaombewa ukanda wa majani kandokando ya kila bonde, bila miti wala mifereji. Mashimo ya muhanga yaachwe pale yalipo. Ng'ombe walishwe kwa kiasi, moto uwashwe kwa wakati wake. Na kilima ambacho hadi leo hakijapandwa kisihesabiwe kuwa kinangoja kupandwa. Mambo hayo wazee wa Ubena waliyafanya bila kuandikiwa, kwa sababu majani yalikuwa malisho yao na paa la nyumba zao. Kuyarudia ni kurudi kwa mila iliyokuwepo.

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kuligusa tanga pwani, ndege wachache wa rangi ya buluu iliyokoza huvuka nchi kutoka upande wa ziwa na kufika juu ya vilima vya Njombe. Huzunguka mahali walipozaliwa, wakishuka chini karibu na ardhi, wakitafuta shimo walilotokea. Wengine hulikuta; huokota tope kandokando ya kijito na kuanza kazi. Wengine hukuta miti imesimama safu kwa safu juu ya mlango wa nyumba yao. Hao huzunguka kwa siku kadhaa, kisha huondoka, na hapo methali hutimia neno kwa neno.